Fondi ya afishi yako isitoke kwa Google, itoke Lubumbashi



Angalieni afishi zenye kupita kwa simu zenu juma hili: mwaliko wa ndoa, sherehe ya kutetea memware, tangazo la kilio, kampeni ya komite ya wanafunzi. Toshea maandishi. Toshea na picha ya mtu. Kinachobaki nyuma njo nini? Mara nyingi ni kitu kile kile: marumaru nyeupe yenye mishipa ya dhahabu, waridi za rangi ya maji, ao mawingu ya buluu. Bibi-arusi wa Kampemba na marehemu wa Katuba wanalazwa juu ya jiwe moja, tena jiwe la Bulaya ambalo hakuna mmoja wao aliyewahi kuligusa.

Ile sehemu ya nyuma tunaiita fondi. Watu wengi wanaiona kama kitu cha kujazia nafasi tu. "Yaya, unitafutie ka fondi kamoya ka muzuri," mteja anasema, na yaya anaenda kutafuta kwa Google. Lakini tuseme ukweli. Vijana wengi wenye dipromu katika huu mji wanaishi, ao wanalipa nusu ya minervali yao, kwa kutengeneza afishi. Kama fondi yako mteja anaweza kuipata mwenyewe kwa dakika mbili, atakulipa juu ya nini? Tena ile picha uliyoichukua ina mwenyewe. Nchi yetu iko na sheria ya haki za waandishi na wasanii, ordonanse-loi namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Kukuta picha kwa intaneti si kupewa ruhusa ya kuiuza.

Leo nataka kueleza namna ya kujitengenezea fondi wewe mwenyewe, na programu ya bure, kutokana na vitu vya hapa hapa kwetu. Lakini kwanza kumbukeni kwamba huu mji ulishajua kazi ya fondi miaka mingi mbele ya kompyuta.

*Mikono mitatu ya Hangar*

Mwaka 1946, wakati mji ulikuwa ungali unaitwa Elisabethville, Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua hapa nyumba ya kuchorea iliyojulikana kwa jina la Le Hangar. Yeye alikufa 1954, lakini wachoraji waliotoka mule wamejulikana dunia nzima. Mwaka 2015 kazi zao zilitundikwa Paris, katika maonyesho ya Beauté Congo, kule Fondation Cartier. Watatu njo wanatuhusu leo: Bela, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga.

Ukiangalia michoro yao, usiangalie ndege na samaki tu. Angalia katikati ya ndege na samaki. Hakuna fashi iliyoachwa tupu. Bela alichora kwa ncha za vidole: alichovya kidole ndani ya rangi, akagonga, akagonga tena, mpaka uso wote ukajaa madoa. Pilipili alijaza nafasi kwa majani, vidoti na alama ndogo ndogo zenye kurudi kwa mpango. Mwenze alitumia mistari mifupi yenye kulala pamoja upande mmoja, kama nyuzi za kitambaa. Na mtu, na mnyama, na fondi, vyote vikatoka ndani ya mistari ile ile.

Funzo lao ni hili: fondi iko na ngozi. Ninaposema ngozi, nataka kusema ule mwonekano wa uso wa kitu wenye kufanya jicho lifikiri kama vile mkono unagusa: ukali wa matofali, ulaini wa malakite, nyuzi za gunia. Na ngozi inajengwa namna gani? Alama moja ndogo inarudiwa mara nyingi, lakini hairudi sawasawa kabisa. Ikirudi sawasawa, inakuwa mashini. Ikirudi bila mpango, inakuwa takataka. Kati ya hizo mbili njo kuna uzuri.

Programu za picha zinafanya kazi ile ile. Tofauti ni kwamba kidole kinakuwa mause.

*Elewa karo, utaelewa yote*

Programu nitakayoitumia hapa ni GIMP. Ilizaliwa 1995 kwa mikono ya wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na mpaka leo ni bure na ni halali: hakuna haja ya kutafuta Photoshop iliyovunjwa yenye kukuletea na virusi. Kama kompyuta yako ni dhaifu kabisa, Photopea inafunguka ndani ya navigateri bila kuinstale kitu. Mwenye kupenda kuchora kwa mkono achukue Krita, nayo ni bure.

Sasa, afishi ya A4 kwa kuchapisha vizuri, pointi 300 kwa inchi, inaomba pikseli 2480 kwa 3508. Hautachora uso wote ule. Utatengeneza kipande kimoja kidogo cha mraba, tuseme pikseli 512 kwa 512, na programu itakipanga kama vile mumasoni anavyopanga karo chini ya nyumba. Kwa karatasi, kile kipande kina upana wa sentimita 4 na kidogo. Kujaza A4, unahitaji karo 5 kwa upana na 7 kwa urefu: 35.

Hapo njo shida inaanza. Kama upande wa kushoto wa karo haukubaliani na upande wa kuume, mstari wa maungio utaonekana, na utaonekana kila fashi karo mbili zinapokutana. Ni kama mshonaji aliyeunga liputa bila kuangalia maua: kila mtu ataona pale ua lilipokatwa nusu. Mshonaji mzuri anatafuta pale mchoro unaporudi, anaunga hapo, na jicho linapita bila kujikwaa. Karo yako lazima iwe na mayele ya yule mshonaji.

Kuna njia tatu za kufika pale. Nitazieleza moja moja.

*Njia ya kwanza: picha ya simu*

Toka inje na simu. Ukuta wa lupango wa matofali yaliyofanywa kwa udongo wa kichuguu. Bati lenye kutu. Gunia la makala. Kitunga cha mama sokoni, kama mwenyewe amekubali. Udongo mwekundu uliopasuka mwezi wa Septemba, mbele mvua haijarudi. Sehemu za migodi na za viwanda uziache kama hauna ruhusa. Fondi haistahili kukuletea mambo na wenye kulinda.

Piga picha ukisimama uso kwa uso na ukuta, si kwa pembeni. Chagua kivuli ao siku ya mawingu, na uzime flash. Sababu yake ni hii: kama jua linapiga upande mmoja, karo yako itakuwa nyeupe kushoto na nyeusi kuume. Ukizipanga 35, utapata milia kama ya punda milia, hata kama maungio yenyewe ni safi.

Ingiza picha ndani ya GIMP, kata mraba, punguza mpaka 512 kwa 512. Sasa bonyeza Shift, Ctrl na O pamoja. Kidirisha kinafunguka chenye kusogeza picha. Chagua kusogeza kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, na uhakikishe kwamba kinachotoka upande mmoja kinarudi kwa upande mwingine. Kubali.

Angalia kilichotokea. Kingo nne zimekuja kukutana katikati na kufanya msalaba. Na kule inje, kwa kingo mpya, kila kitu kimeungana chenyewe, juu pikseli zilizo pale zilikuwa jirani tangu mwanzo katikati ya picha. Kazi yako sasa ni moja tu: kufuta ule msalaba. Chukua chombo cha Clonage, kile chenye kunakili sehemu moja na kuipaka kwa nyingine, chagua burashi yenye kingo laini, na ufunike msalaba kwa vipande vya jirani. Usiguse kingo za inje.

Ukimaliza, rudia Shift, Ctrl na O mara moja tena kwa kuhakikisha. Kama hauoni mstari, karo imekuwa tayari. Lakini toshea pia kila kitu chenye kuita jicho: tofali moja jeupe kuliko mengine, msumari, doa la rangi. Katika karo moja ni kitu kidogo. Katika karo 35 ni jeshi limesimama kwa mstari.

*Njia ya pili: malakite bila jiwe*

Hii njo napenda kupita zote, juu inatoka moja kwa moja katika udongo wetu. Malakite ni mtoto wa mukuba. Maji yenye kubeba mukuba yanaacha tabaka juu ya tabaka ndani ya mwamba, na kila tabaka ina kijani chake, chepesi ao kizito. Njo maana ukikata jiwe na kulisugua, unaona duara ndani ya duara. Wachongaji wa mjini wanaliuza kila siku, na sisi tunapita tukienda kutafuta marumaru kwa intaneti!

Kuifanya kwa kompyuta hakuombi picha hata moja. Inaomba mawingu ya hesabu. Hii hadithi ni fupi: Ken Perlin, Mmarekani aliyefanya kazi kwa filamu ya Tron ya 1982, alichoshwa na picha za kompyuta zenye sura ya mashini. Akatafuta hesabu yenye kuleta vurugu laini kama ile ya mawingu, ya moshi, ya mawe. Aliichapisha 1985, na 1997 wale wenye kutoa Oscar wakampa zawadi ya ufundi. Wazo lake limeingia karibu kila programu ya picha.

Fungua picha mpya ya 512 kwa 512. Kwa menyu ya Image, tafuta Précision na uweke biti 16, ili rangi zisitoke na ngazi. Kisha nenda kwa Filtres, ndani ya mambo ya kurenda, kwa upande wa bruit. Ile tunayotaka, katika GIMP ya Kiingereza inaitwa Solid Noise. Weka alama kwa ile nafasi yenye kusema picha iweze kuungana na yenyewe. Hiyo alama moja inakuponyesha na kazi yote ya msalaba. Punguza detai iwe 1, saizi iwe 3 ao 4. Utapata mawingu ya kijivu.

Sasa nenda kwa Couleurs, halafu Niveaux, na uache programu ipanue rangi yenyewe, nyeusi iwe nyeusi na nyeupe iwe nyeupe. Kisha Couleurs, Courbes. Utaona mstari mmoja unapanda kutoka chini kushoto mpaka juu kuume. Uvunje. Ongeza pointi, upandishe, ushushe, upandishe, ushushe, kama meno ya msumeno, mara 5 ao 6.

Mawingu yanageuka pete mbele ya macho yako. Kwa nini? Fikiri ile kijivu ni vilima: nyeusi njo bonde, nyeupe njo kilele. Kila jino la mstari linapaka rangi kwa urefu mmoja wa kilima, na urefu mmoja ukiuzunguka mlima mzima unafanya pete. Wale wa jeolojia na wa topografia watakuwa wameshaelewa: ni mistari ya karte. Na ni kama jiwe lenyewe, tabaka juu ya tabaka.

Maliza kwa Couleurs, Colorier. Tafuta kijani chenye kuegamia kidogo kwa buluu. Hiyo njo malakite yako. Hakuna mtu mwingine mwenye ile ile, juu ile filtre iko na namba ya bahati, na ukiibadilisha, jiwe linabadilika. Ukiacha kijani na kuweka rangi ya machungwa yenye kahawia, unapata mukuba. Kazi ya dakika 10.

*Njia ya tatu: kidole chako*

Hapa tunarudi kwa Bela. Saga makala, changanya na maji kidogo, chovya kidole gumba, gonga juu ya karatasi nyeupe mara 10. Piga picha. Ndani ya GIMP, chagua doa moja zuri, likate, ulinakili kwa Ctrl na C. Kile kilichonakiliwa kinaonekana chenyewe kati ya burashi, pale mwanzoni. Sasa uko na burashi yenye alama ya kidole chako, kitu ambacho hakuna mtu mwingine duniani anacho.

Kwa mipango ya burashi, panua nafasi kati ya doa na doa. Halafu ruhusu saizi na pembe zibadilike kidogo kila mara. Ile "kidogo" njo siri. Wenye Krita wabonyeze herufi W: picha inaanza kujirudia pande zote, na unachochora upande wa kuume kinaingia kushoto palepale. Karo inajitengeneza ukiwa unachora. Jaribu pia mistari mifupi kama ya Mwenze, yenye kufuata upande mmoja, halafu igeuke pole pole.

Kujaza afishi na karo yoyote ya hizi tatu ni rahisi. Chagua karo yote, Ctrl na A, Ctrl na C. Enda kwa afishi, chukua ndoo ya kumwaga rangi, uiambie imwage motifu pahali pa rangi, na uchague motifu ya kwanza, ile uliyonakili sasa hivi. Mwaga.

*Fondi ni mtumishi, si bwana*

Baada ya kazi nzuri hivi, kishawishi ni kuionyesha yote. Hapana. Watu hawaji kusoma malakite, wanakuja kusoma saa ya misa na anwani ya sale. Kanuni za kimataifa za kurasa za mtandao zinaomba mwanga wa maandishi ya kawaida na ule wa fondi utofautiane mara 4.5 kwa 1; kwa maandishi makubwa, 3 kwa 1. Hauna kipimo? Fumba macho nusu, ao weka simu kwa urefu wa mkono. Kama jina la marehemu limemezwa na fondi, fondi imeshindwa.

Dawa ni pazia: weka kalke mpya kati ya fondi na maandishi, ijaze nyeupe ao rangi ya cream, na opasite iwe kati ya 70 na 85 kwa mia. Ngozi inabaki, lakini inaongea kwa sauti ya chini. Ao acha fondi kwa kingo tu, kama pindo la liputa, na katikati paache wazi.

Mambo mengine matatu ya haraka. Kijani kikali cha skrini kinapoa kikifika kwa karatasi, kwa hiyo chapisha moja ya kujaribu mbele ya kulipia mia. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokima, juu ukituma kama picha ataibana na ile ngozi yote itageuka matope. Na bonyeza Ctrl na S kila dakika tano. Umeme haupigi hodi ukiondoka.

*Nyuma kunasema kuliko mbele*

Kama bado mtu anafikiri fondi ni mapambo tu, amwangalie Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, aliyezaliwa 1978 na kusoma hapa Unilu. Katika kazi yake iliyoitwa Mémoire, ya 2006, alikata watu kutoka picha za zamani za wakati wa ukoloni, nyeusi na nyeupe, na kwa kompyuta akawaweka mbele ya viwanda vya Gécamines jinsi vilivyo leo, vya rangi na vya kutu. Watu ni wale wale wa arshive. Kilichobadilika ni kilicho nyuma yao, na pale njo swali lote linatokea: kazi yao ilienda wapi? Angewaweka mbele ya mawingu ya buluu, kusingekuwa na swali.

Mimi sisemi tangazo la ndoa liwe kazi ya museum. Nasema kila fondi inamwambia mwenye kuangalia: hawa watu ni wa fashi fulani. Marumaru ya Google inasema ni wa popote. Malakite inasema ni wa hapa.

Jambo moja la kulinda: kujifunza namna ya Pilipili si kuchukua mchoro wa Pilipili. Alikufa 2007, kazi zake zingali na wenyewe, na kuzipiga picha kwa kuzifanya karo ni wizi ule ule tuliosema pale juu. Hata liputa ina aliyeichora. Chukua mayele, alama uzitoe kwa mkono wako.

Basi, fanyeni hivi. Juma hili, kila mmoja atengeneze karo tatu: moja ya ukuta wa kwao, moja ya malakite, moja ya kidole. Ziwekeni katika dosie moja na jina na tarehe, pamoja na faili ya GIMP yenyewe, ile ya XCF, juu siku mtu akikuuliza kama ni yako kweli, ile njo ushahidi wako. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na karo zaidi ya 100. Na mteja akisema tena "unitafutie ka fondi", utamjibu bila haya: hapana mama, sitafuti. Natengeneza. Na kutengeneza kuna bei yake.